MAKAAZI YA VIJANA WALIOISHI MITAANI: MAFUNZO KUTOKA ARUSHA NA MLIMA MERU

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali, Masheha na wananchi)





Mazungumzo haya yanahusu vijana wasio na makaazi, na hasa njia ya kuwatoa mitaani na kuwafikisha katika nyumba ambamo wataishi kwa heshima wakiwa na mtu mzima wa kuwaangalia. Mfano uliochaguliwa ni Jiji la Arusha na vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru.

Pengine patakuwa na mwenye kuuliza: Visiwani kuna haja gani ya kuzungumza habari za Arusha? Jawabu ni nyepesi. Arusha na Unguja zinafanana kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba zote mbili zinaishi kwa wageni. Penye watalii pana fedha, na penye fedha kijana aliyekosa pa kwenda hufuata. Yule anayelala katika baraza za maduka karibu na Soko Kuu la Arusha na yule anayelala Darajani wamesukumwa na mambo yale yale. Aidha, yaliyojaribiwa kule kwa zaidi ya miaka ishirini yamekwisha kuonesha lipi linafaa na lipi halifai, na si busara kwa jirani kurudia makosa ambayo mwenzake amekwisha kuyalipia.

HALI ILIVYO

Arusha ilikua kutokana na boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900. Katika Sensa ya mwaka 2012 Jiji hilo lilikuwa na watu 416,442, na katika Sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu 617,631. Hilo ni ongezeko la watu wapatao laki mbili kwa muda wa miaka kumi tu. Wengi wa waliohamia hupanga vyumba katika mitaa yenye msongamano kama vile Unga Limited, Ngarenaro na Kaloleni, ambako chumba kimoja hulaza familia nzima.

Juu ya mji huo umesimama Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566. Miteremko yake ina rutuba, na wakaazi wake wamelima migomba na kahawa kwa miaka mingi. Lakini ardhi haizai ardhi. Kihamba alichokuwa nacho babu kiligawiwa kwa wanawe, na wanawe wakakigawa tena kwa watoto wao, hata ikafika pahala mtoto wa mwisho hana cha kurithi ila jina. Huyo ndiye anayeteremka mjini. Wengine hushika njia ya Mererani kwenye migodi ya tanzanaiti. Huko, katika miaka ya 1990, watoto waliotumwa kupenya katika mashimo membamba waliitwa "nyoka", kwa sababu miili yao midogo ilipita pale ambapo mtu mzima hapiti.

Ni makosa kudhani kwamba umaskini peke yake ndio unaomtoa mtoto nyumbani. Ziko nyumba nyingi maskini ambazo watoto wake hawajawahi kulala nje. Mara nyingi umaskini huandamana na jambo jingine: kifo cha mzazi, ndoa kuvunjika, mzazi wa kambo asiyemtaka mtoto, ulevi, au kipigo cha kila siku. Skuli nazo zina sehemu yake. Ada ya skuli za serikali Tanzania Bara iliondolewa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo, mtoto asiye na sare wala daftari, anayeadhibiwa kwa kuchelewa kwa sababu ya kazi za nyumbani, huona njia ya mjini kuwa nyepesi kuliko njia ya darasani.

Maisha ya mitaani hayana raha kama baadhi ya watu wanavyodhani. Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa miezi ya Juni na Julai baridi yake ni kali. Vijana hujifunika magunia na maboksi. Wapo wanaonusa gundi ya viatu ili wasahau baridi na njaa. Mchana huokota vyuma chakavu na chupa, hubeba mizigo sokoni au huosha magari. Wasichana huonekana kwa uchache, na hilo lisimpotoshe mtu. Wengi wao huishia katika kazi za ndani au kwenye vilabu vya pombe, ambako hakuna anayewahesabu na ambako madhara yanayowapata hufichika nyuma ya mlango.

HISTORIA INA LA KUSEMA

Wakaazi wa Meru wanayo kumbukumbu yao wenyewe ya kupoteza nyumba. Mwezi Novemba 1951 Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Watu waliohamishwa walikuwa wakulima wenye mifugo na heshima zao jana yake, na siku ya pili wakawa hawana pa kulala. Kisa hicho kinafundisha kwamba asiye na nyumba asihukumiwe kabla ya kuulizwa kilichomtoa nyumbani kwake.

Chini ya mlima huo huo, pale Tengeru, kuna kisa kingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolishi wengi walitolewa makwao na Serikali ya Kisovieti na kupelekwa Siberia na sehemu nyingine za mbali. Mwaka 1942 sehemu yao walipata njia ya kutoka kupitia Iran, na wapatao 5,000, wengi wakiwa wanawake na watoto, waliletwa Tengeru. Walijengewa vijumba vya msonge vilivyoezekwa majani, wakawa na skuli, hospitali, kanisa na mashamba. Miongoni mwao walikuwamo mayatima wasio na jamaa yeyote duniani. Vita vilipokwisha hawakuachiwa kutangatanga. Mwaka 1949 zaidi ya mayatima 100 walisafirishwa hadi Kanada wakiongozwa na Padri Lucjan Królikowski, aliyeendelea kuwaangalia hata baada ya kufika. Makaburi ya waliofia Tengeru yapo hadi leo.

Kilichowaokoa mayatima wale ni mambo matatu yaliyokwenda pamoja: paa la kulala chini yake, skuli ya kuwapa kazi ya mchana, na mtu mzima aliyewajua kwa majina na ambaye hakuwaacha njiani. Matatu hayo ndiyo yanayokusudiwa katika mazungumzo haya yanapotajwa makaazi yenye uangalizi. Likikosekana moja, mengine mawili hayadumu.

HATUA ZA KUMTOA KIJANA MITAANI

Uzoefu wa Arusha na wa mji jirani wa Moshi unaonesha kwamba safari ya kijana kutoka barazani hadi chumbani ina hatua, na kila anayeruka hatua huanguka. Shirika la Mkombozi lilianza kazi hiyo mwaka 1997, likafanya hesabu za watoto wa mitaani katika miji hiyo miwili. Kituo cha Amani kilianzishwa Moshi mwaka 2001, nacho kikapeleka waelimishaji wake hadi mitaa ya Arusha.

Hatua ya kwanza ni kufahamiana. Mwelimishaji humwendea kijana pale alipo, usiku na mchana, bila ya kumlazimisha kitu. Huenda zikapita wiki nyingi kabla ya kijana kusema jina lake la kweli. Njia ya kinyume ni kukamata. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara ina vifungu vya 176 na 177 kuhusu uzururaji, na wakubwa wanakumbuka kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambapo watu wasio na kazi walikusanywa mijini na kupelekwa mashambani. Wengi walirejea mjini. Kijana anayekusanywa kwa sababu mgeni mashuhuri anakuja, kisha akaachiwa mgeni akishaondoka, hujifunza jambo moja tu: kwamba Serikali humwona pale anapokuwa aibu. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika maelezo yake ya mwaka 2017 kuhusu watoto wa mitaani, imesisitiza kwamba watoto hao wana haki kama wenzao na wasikamatwe kwa sababu tu ya kuwapo mitaani.

Hatua ya pili ni makao ya muda. Hapo kijana huoga, hula, hutibiwa na kulala bila ya khofu. Maafisa wa ustawi wa jamii huanza kutafuta jamaa zake.

Hatua ya tatu ni kumrejesha kwa jamaa pale inapowezekana. Hili lina nafasi ya kwanza kisheria na kiutu. Lakini kurejesha hakumaanishi kumpa nauli na kumpandisha gari. Jamaa hutembelewa kwanza, sababu iliyomtoa mtoto huzungumzwa, na baada ya kurejea hufuatiliwa kwa miezi kadhaa. Asiyefuatiliwa hurudi mjini, na safari ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Nyumba ya asili ikiwa na hatari, mtoto huweza kupelekwa kwa familia ya kuaminika iliyochunguzwa na kukubaliwa na ustawi wa jamii.

Hatua ya nne ndiyo makaazi yenye uangalizi, kwa vijana waliokwisha kuwa wakubwa mno kwa malezi ya kitoto na wadogo mno kwa kujitegemea. Vijiji vya Watoto vya SOS, ambavyo mwanzilishi wake Hermann Gmeiner alianza kazi huko Imst, Austria, mwaka 1949, vina utaratibu unaofaa kuangaliwa. Mtoto hulelewa na mama wa nyumba. Akifikia ujana huhamia nyumba ya vijana pamoja na mlezi, na baadaye hukaa katika chumba cha kupanga huku akiendelea kusaidiwa na kutembelewa. Arusha inacho kijiji cha aina hiyo. Katika nyumba ya vijana kijana hujifunza mambo yanayoonekana madogo: kupika, kufua, kupanga matumizi ya wiki, kulipia maji na umeme, kusema na jirani, kuamka kwa wakati. Aliyelala nje kwa miaka minne hakufundishwa hayo na mtu.

Hatua ya tano ni chumba chake mwenyewe, ufunguo wake mwenyewe, na kazi ya kukilipia.

Nchi nyingine zimepita njia iliyo karibu na hiyo. Mjini New York mwaka 1992 Sam Tsemberis alianzisha mpango wa kumpa mtu nyumba kwanza na kumtibu baadaye, badala ya kumsubirisha mpaka apone ndipo apewe. Ufini imeifuata fikra hiyo katika mpango wake wa taifa tangu mwaka 2008, na idadi ya wasio na nyumba nchini humo ilipungua sana katika miaka iliyofuata. Kwa watu wazima mpango huo una hoja kubwa. Kwa aliye chini ya miaka 18, ufunguo bila ya mlezi ni hatari nyengine, na ndiyo maana neno uangalizi lisiondolewe.

UMRI WA MIAKA 18

Ndugu wananchi, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, Nam. 21 ya mwaka 2009, inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inaziwekea serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika maeneo yao. Siku kijana anapotimiza miaka 18, ulinzi huo hupungua kwa usiku mmoja. Jana alikuwa na kitanda, leo anaambiwa ni mtu mzima. Watoto walio kwa wazazi wao hawafukuzwi siku hiyo. Wengi hukaa nyumbani hadi wapate kazi au waoe. Vipi basi asiye na wazazi atarajiwe kuwa hodari kuliko mwenye nao? Kituo kinachomlea mtoto kwa miaka kumi na kumtoa bila ya ufundi, akiba wala chumba, kimepoteza miaka kumi ya kazi yake.

Njia za kuziba pengo hilo zipo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Arusha ina chuo chake cha hoteli na utalii huko Njiro. Halmashauri za Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru hufunza maafisa wanaoweza kuisimamia kazi hii. Kinachokosekana mara nyingi ni kiungo: kijana asiye na anwani hawezi kujiunga na kikundi kinachotambulika, asiye katika kikundi hapati mkopo, na asiye na mkopo hapati chumba ambacho kingempa anwani.

VIKWAZO VYA KILA SIKU

Kikwazo cha kwanza ni karatasi. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa hupata tabu kupata kitambulisho cha taifa, na bila ya kitambulisho hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, wala mwenye nyumba hamwamini. Kikwazo cha pili ni kodi. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo, na kibarua anayelipwa kwa siku hana fedha hizo, hata kama kodi ya mwezi mmoja mmoja angeimudu. Kikwazo cha tatu ni sifa. Jina la "chokoraa" humfuata kijana hata akishaoga na kuvaa sare ya kazi. Vikwazo vyote vitatu haviondolewi kwa fedha nyingi. Huondolewa kwa barua ya kiongozi wa mtaa, kwa dhamana ya taasisi inayojulikana, na kwa ulimi wenye adabu.

MAFUNZO KWA VISIWANI

Visiwa hivi havianzi kazi hii mikono mitupu. Kijiji cha kwanza cha SOS nchini Tanzania kilifunguliwa Zanzibar mwaka 1991. Serikali ina nyumba yake ya kulelea watoto Mazizini, na kwa wazee ina nyumba za Sebleni, Welezo na Limbani. Ikiwa wazee wasio na watoto wana pahala pao, fikra ya kuwa na pahala pa vijana wasio na wazazi si ngeni.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Nam. 6 ya mwaka 2011, imeweka misingi ya malezi mbadala. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, umeitaja kafala katika kifungu chake cha 20 kuwa ni njia inayokubalika ya malezi. Kumlea yatima ni desturi ya nyumba nyingi za hapa tangu zamani, na linalohitajika ni kuisajili na kuifuatilia desturi hiyo ili isigeuke kuwa utumishi wa ndani usio na mshahara.

Kadhalika iko wakfu. Wenye mali wa Mji Mkongwe waliziweka wakfu nyumba zao, na baadhi ya nyumba hizo zikakaliwa na maskini kwa kodi ndogo au bila ya kodi. Fikra ya kuwa nyumba moja itengwe kwa heri ya asiye na pa kulala ilikuwapo hapa kabla ya New York na Ufini. Inafaa wenye uwezo wa leo, wanaojenga nyumba za kupangisha wageni, waitafakari upya: chumba kimoja kati ya kumi, kwa kijana anayemaliza ufundi, ni sadaka inayoonekana.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kutokana na hayo, yafuatayo yanafaa kuzingatiwa:

(a) Masheha wasimnyime barua ya utambulisho kijana kwa sababu tu hana jamaa katika Shehia. Wamuulize, wamwandike, na wamfikishe kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii wa Wilaya.

(b) Maafisa wanaosajili vizazi na vitambulisho wawasaidie walezi wa vituo kuwakamilishia vijana karatasi zao kabla ya kutimiza miaka 18.

(c) Walezi wa vituo waanze kumtayarisha kijana kuondoka tangu akiwa na miaka 15 au 16, kwa ufundi, akiba na mazoea ya kujipikia.

(d) Wenye nyumba wakubali kodi ya mwezi kwa mwezi pale ambapo taasisi inayoaminika imemdhamini mpangaji.

(e) Wananchi watumie maneno yenye heshima, na fedha wanazotaka kuwapa vijana barabarani wazipeleke kwa wale wanaowapatia chakula, ufundi na pahala pa kulala.

(f) Kila anayemrejesha kijana kwa jamaa au kumpangia chumba amtembelee tena baada ya mwezi, miezi mitatu na mwaka.

Agizo la mwisho ndilo jepesi kuandikwa na ndilo linalosahauliwa mapema. Taarifa za ofisi hupenda kuhesabu waliotolewa mitaani. Hesabu yenye maana ni ya wale ambao, baada ya mwaka mmoja, wangali wanalala ndani. Kwa hiyo kila ofisi inayohusika inaombwa iongeze safu hiyo katika daftari lake, na ikiwa safu hiyo itabaki tupu, mkuu wa ofisi aulize kwa nini.